UNATAKA KUWA MUNGANGA WA NYAMA? ANZA LEO KUTENGENEZA DOSIE YAKO

Mwisho wa mwaka wa masomo, swali linalozunguka katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi ni moja: mutoto ataingia fakilte gani? Wengi wanajibu mbio-mbio: Politekniki, Jeolojia, Sheria. Tunaelewa sababu. Kila siku tunaona magari makubwa ya migodi yakipita, na kila muzazi angependa mutoto wake apate nafasi kule. Lakini hapa na pale kuko kijana mumoja anayesema: "Papa, mimi nataka kusomea nyama." Mara moja wengine wanacheka: "Miaka yote ile, franga zote zile, juu ya kupiga imbwa sindano?"

Habari hii tunamwandikia kijana yule, akiwa muvulana ao musichana, pamoja na wazazi wake. Tunataka kumwambia jambo moja. Dosie yenye nguvu haitengenezwi kwa wiki moja, wakati mulango wa maandikisho unakaribia kufungwa. Inatengenezwa kwa miaka miwili ao mitatu: kwa masomo, kwa kazi ya mikono karibu na nyama, na kwa watu wanaokufahamu vizuri. Na faida yake si kuingia tu. Kuingia ku fakilte ni jambo moja, kubakia ndani ni lingine. Dosie nzuri inakutayarisha kwa yote mawili.

KAZI HII INA FAIDA GANI HUKU KWETU?

Wazee wanakumbuka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, na kufika mwaka 1994 shaba yote ya mwaka haikufika hata tani 50 000. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10 000 waliacha kazi ya kampuni kwa mupango wa kuondoka kwa mapenzi. Wengi walirudi ku mashamba na ku mifugo: kuku, mbuzi, nguruwe, bata.

Lakini kufuga bila munganga ni kama kuweka franga ndani ya mufuko wenye tundu. Homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia katika boma, karibu nguruwe wote wanakufa kwa siku chache, na hakuna dawa ya kuwaponyesha. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa mutaa muzima, hata kama chanjo yake iko na bei yake si kubwa. Ni jamaa ngapi zimepoteza minerval ya watoto kwa namna hiyo?

Tena kuko magonjwa yanayotoka ku nyama na kuingia ku watu. Kichaa cha imbwa, kikianza kuonyesha alama zake ndani ya mutu, karibu kila mara kinaua. Lakini tunaweza kukizuia: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, na mutu aende hospitali kupata chanjo siku ile ile. Na katika muji, kama imbwa 70 kwa 100 wamepata chanjo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Nani anapanga kazi ile? Munganga wa nyama.

Usifikiri ni kazi ya kushindwa tu. Sotoka, ugonjwa uliomaliza ngombe wa Afrika mwisho wa miaka ya 1800, ulitangazwa mwaka 2011 kwamba umekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa kwanza wa nyama ambao watu wameumaliza kabisa.

JUA KAZI MBELE YA KUIOMBA

Vijana wengi wanasema: "Mi napenda nyama tangu niko mutoto." Ni vizuri, lakini haitoshi. Hata mutoto wa miaka mine anapenda kitoto cha imbwa. Fakilte inatafuta mutu anayejua ni kazi gani anaiomba.

Munganga wa nyama anafanya kazi wapi? Anatunza ngombe, mbuzi, nguruwe na kuku wa wafugaji. Anasimama pahali pa kuchinjia na kupima nyama ya kula. Anafungua maini, anaangalia mapafu, anatafuta ndani ya nyama ya nguruwe vile vipele vyeupe vinavyofanana na mbegu za muchele. Vile vipele ni watoto wa tegu. Mutu akila nyama ile bila kuipika vizuri, tegu inakomaa ndani ya tumbo lake. Na mayai ya tegu yanayotoka kwa mavi ya mutu, yakiingia kwa kinywa kupitia mikono ao maji machafu, yanaweza kufika ku ubongo na kuleta kifafa. Ni jamaa ngapi zimemushitaki bibi muzee kuwa mulozi, kumbe ni tegu!

Munganga wa nyama yuko tena ku mupaka, kama kule Kasumbalesa, ambako nyama ya baridi na kuku wanaingia kila siku. Yuko ku laboratwari na ku mapori ya serikali kama Upemba na Kundelungu. Lakini mara nyingi zaidi yuko ndani ya matope, usiku, akisaidia ngombe kuzaa. Kama unaogopa damu, harufu na kuamuka saa kumi ya usiku, ni heri ujue leo kuliko kujua mwaka wa tatu wa masomo.

MASOMO NJO MUSINGI

Huku kwetu, jambo la kwanza wanaloangalia ni diploma ya Etat na asilimia yake. Asilimia 50 inakupa diploma, lakini usilenge pale. Lenga juu zaidi, kwa maana nafasi ni chache na kazi inayokungojea ni nzito.

Njia iliyo rahisi ni seksio ya sayansi, hasa Biolojia-Kemia. Mwenye kutoka shule ya ufundi ya kilimo na mifugo naye iko na nguvu yake: amekwisha kushika nyama kwa mikono. Lakini mara nyingi anakosa kemia na fizika. Basi atafute mwalimu ao rafiki wa kumusaidia wakati wa vakansi.

Usiache hesabu. Kila siku munganga anahesabu. Mbuzi iko na kilo 24, dawa inaomba mililita 1 kwa kilo 10: utatoa ngapi? Mililita 2,4. Ukikosea alama ile ndogo, unatoa 24 na mbuzi inakufa.

Na Kifaransa? Silabusi zote huko Lubumbashi ni za Kifaransa. Soma kila siku kurasa mbili tatu za kitabu cha biolojia, na andika kwa maneno yako mwenyewe kile ulichoelewa. Mwenye kukariri bila kuelewa anaanguka ku mwaka wa kwanza. Wengi wanaanguka pale, na muzazi analipa mara mbili.

KAYE YA STAJI

Pengine utauliza: "Kama wanaangalia diploma, juu ya nini nipoteze jumamosi zangu ku mifugo?" Kuko sababu tatu. Ya kwanza, utajua kama kweli unaitaka kazi hii. Ya pili, mwalimu atakapofundisha tumbo la ngombe, wewe utakuwa umekwisha kuliona, na somo litaingia kwa urahisi. Ya tatu, ukiomba bursa, ao nafasi ku universite ya inchi nyingine, swali litakuja: "Umefanya nini na nyama? Saa ngapi? Nani aliyekuona?"

Nunua kaye moja. Nenda kwa mufugaji wa kuku wa karibu, ku shamba la parokia, ku ofisi ya mifugo ya komini, ao kwa munganga wa nyama wa muji. Salamu kwa heshima, sema jina lako na shule yako, omba kusaidia saa mbili tatu kila jumamosi bila mushahara. Ukikataliwa, shukuru na uende kwa mwingine. Ukipokewa, fika mbele ya saa, beba bote zako, na usichague kazi. Anayesafisha nyumba ya nguruwe vizuri njo atakayeitwa siku munganga anapofika.

Kila siku andika mambo machache. Kwa mufano:

"Jumamosi, tarehe 8. Saa moja ya asubuhi mpaka saa sita. Nguruwe 11. Nimesafisha na kuleta ndoo 14 za maji. Nguruwe moja haikukula. Munganga alipima joto: 40,8. Nimeuliza joto ya kawaida. Amejibu: karibu 39. Alisema tuitenge na zingine."

Ona, hakuna maneno makubwa pale. Lakini anayesoma kurasa 60 za namna ile anaelewa kwamba kijana huyu ana macho, ana masikio na anarudilia kazi. Mwisho wa mwezi, jumulisha saa na mwombe mwenye shamba aweke sinyatire yake.

MAMBO MANE YA KUJIKINGA

1. Usipige sindano na usitoe dawa peke yako. Wewe ni mwanafunzi, si munganga. Dawa nyingi zinauzwa ku soko bila karatasi. Dawa ya viini ikitolewa ku kuku ao ku mbuzi, inaomba kungojea siku zilizoandikwa ku chupa mbele ya kula mayai, maziwa ao nyama. Andika hilo ndani ya kaye na uwafundishe wa nyumbani.

2. Usiguse imbwa usiyoijua, na usiguse mate ya nyama yenye kuonekana na kichaa. Ukiumwa, usifiche.

3. Mama mwenye mimba asiguse mbuzi ao ngombe iliyotoa mimba. Na kila mutu anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula.

4. Nyama iliyokufa gafula, damu ikitoka kwa pua ao kwa matako, usiipasue na usiile. Inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoua na watu. Ita ofisi ya mifugo. Najua ni vigumu kuacha ngombe muzima wakati watu wana njaa. Lakini maziko ni ghali kuliko nyama.

MASHAHIDI WAWILI NA BARUA MOJA

Tafuta watu wawili wanaoweza kukuandikia barua ya ushuhuda. Wa kwanza, mwalimu wa biolojia ao kemia. Wa pili, munganga ao mufugaji aliyekuona ukifanya kazi. Usichague mutu mukubwa asiyekujua. Barua ya mukubwa inayosema "ni mutoto muzuri wa jamaa nzuri" haina uzito. Barua ya mufugaji inayosema "amefika jumamosi 30, hakuchelewa, siku kuku walianza kukohoa yeye njo aliona wa kwanza" iko na uzito. Omba mbele ya mwezi moja, na uwape kopi ya kaye yako ili wakumbuke.

Kisha andika barua yako mwenyewe. Wengi wanaanza hivi: "Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yenu ya juu kabisa..." na wanamaliza ukurasa bila kusema kitu. Wewe sema mambo matatu kwa ufupi: umefanya nini na nyama, umejifunza nini ambacho hukukijua mbele, na unataka kutumikia wapi. Kama shida fulani ya mutaa wenu imekusukuma, iseme wazi: "Kwetu kuku wanakufa kila mwaka wakati wa kiangazi, na hakuna anayetoa chanjo." Hiyo ni sababu. "Napenda nyama sana" si sababu.

JIPIME

Funika majibu kwa mukono, kisha uulizane na ndugu zako nyumbani:

— Yai la kuku linalaliwa siku ngapi? Siku 21.
— Mimba ya mbuzi? Karibu siku 150.
— Ya nguruwe? Karibu siku 114, ni kusema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu.
— Ya ngombe? Miezi tisa na siku kidogo.
— Tumbo la ngombe liko na vipande vingapi? Vine.
— Joto ya kuku muzima ni sawa na ya mutu? Hapana, inapita, iko karibu 41.

Ukikosa yote leo, usihuzunike. Ukikosa yote tena mwaka ujao, jiulize.

KARATASI NA FRANGA

Kwa kawaida dosie inaomba barua ya maombi kwa Rektere, kopi ya diploma, bulletini za miaka miwili ya mwisho, karatasi ya kuzaliwa, ya mwenendo mwema, ya afya, na picha. Anza kutafuta karatasi za komini mapema, kwa maana mwezi wa maandikisho kila mutu anasimama ku mustari uleule. Angalia kama jina lako limeandikwa sawasawa ku karatasi zote. "Kasongo" hapa na "Kassongo" pale inaweza kukusimamisha. Weka kopi mbili nyumbani.

Wazazi, sikieni neno hili. Mutu akikuja na kusema, "Mama, niko na njia, nipe dola 100, mutoto anaingia," mumufungie mulango. Franga ya maandikisho inalipwa pale universite yenyewe inaonyesha, na karatasi ya malipo inabakia mukononi mwenu.

Ku Universite ya Lubumbashi, masomo ya Médecine Vétérinaire yalikuwa zamani miaka sita: mitatu ya graduat na mitatu ya doctorat. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 universite za inchi yetu zimeingia katika mupango mupya wa LMD. Basi nendeni ku fakilte yenyewe, muulize hesabu ya miaka na bei ya mwaka huu. Na mukihesabu, musihesabu minerval peke yake. Hesabuni nyumba, chakula, silabusi, bote, koti nyeupe na termometre.

MABINTI NAO?

Baba mumoja ataniambia: "Kuvuta ndama si kazi ya wanawake." Lakini kazi ile inaomba akili na uvumilivu kuliko nguvu. Huko Uingereza, Aleen Cust alimaliza masomo mwaka 1900 na wakamukatalia diploma kwa sababu ni mwanamuke. Alifanya kazi miaka zaidi ya 20 bila karatasi ile, wakamupa mwaka 1922. Leo, huko Uingereza na Marekani, wanawake ni wengi kuliko wanaume ku masomo haya. Baba, usimukatalie binti yako.

NA INCHI ZINGINE?

Karibu nasi, Universite ya Zambia huko Lusaka iko na shule ya uganga wa nyama tangu mwaka 1983, iliyojengwa kwa musaada wa Japani. Kule kwa muda murefu wanafunzi walianza kwanza ku masomo ya sayansi, kisha wenye pointi nzuri wakachaguliwa. Makerere huko Kampala, Nairobi, na Sokoine huko Morogoro nazo zinafundisha kazi hii kwa miaka mitano. Masomo ya kule yote ni ya Kiingereza. Kwa Kifaransa, kuko shule ya Dakar iliyoanzishwa mwaka 1968.

Marekani njia ni ndefu zaidi. Kijana anasoma kwanza karibu miaka mine ya universite, na kisha njo anaomba shule ya nyama. Kule kaye ya saa na barua za mashahidi ni lazima kabisa.

KAMA HAWAKUKUPOKEA

Usirudi nyumbani kufunga mulango. Nenda ukaulize kilichokosekana: asilimia, karatasi, ao nafasi zilijaa? Kisha chagua. Unaweza kuingia agronomia, upande wa mifugo, ao biolojia. Unaweza kusomea kazi ya musaidizi wa munganga. Unaweza kungojea mwaka moja, lakini si mwaka wa kukaa barazani: mwaka wa kufuga kuku 20 zako, kuzitolea chanjo na kuandika hesabu. Kijana mwenye kuku 20 wazima na kaye iliyojaa hakupoteza mwaka.

ZUNGUMZENI NYUMBANI

1. Katika mutaa wetu, ni nyama gani zilikufa mwaka huu, na tulifanya nini?
2. Imbwa wetu amepata chanjo? Lini? Karatasi iko wapi?
3. Mutoto wetu anachagua kazi kwa sababu anaifahamu, ao kwa sababu majirani wanaisifu?
4. Jumamosi inayokuja, ni kwa nani anaweza kwenda kuomba kusaidia?

Swali la nne lijibiwe leo jioni, mbele ya kulala. Andikeni jina moja ku ukurasa wa kwanza wa kaye.